Trela la kununua au sanduku la kukodi?

Kwetu paa likizeeka halileti takataka nyingi. Fundi hupanda, hung'oa misumari, hushusha mabati moja moja, na kabla ya jua kutua mabati yale yamekwisha kupata mwenyewe mwingine. Moja limekuwa mlango wa banda la kuku, jingine limekuwa ukuta wa jiko, na yale yenye matundu machache yameuzwa kwa jirani. Hata misumari iliyopinda, watoto huinyosha kwa jiwe. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia ya kuwa huko Marekani fundi wa paa aweza kupoteza faida yake yote kwa sababu ya takataka tu, hushangaa na kuuliza: Takataka gani hizo? Na kwa nini zimgharimu mtu fedha nyingi hivyo?

Habari hii yawahusu watu wetu kuliko inavyoonekana. Maelfu ya jamaa waliotoka mashariki ya Kongo, wakakaa miaka mingi katika makambi ya Tanzania, Burundi, Uganda na Rwanda, wamekwisha kuhamishiwa Marekani. Katika mwaka 2016, na tena katika mwaka 2019, wakimbizi wa Kongo waliopokewa kule walikuwa wengi kuliko wale wa nchi nyingine yo yote. Mtu anayefika katika nchi ngeni bila karatasi za shule hutazama kwanza kazi za mikono, na kuezeka ni mojawapo ya kazi hizo. Akiwa na bidii, baada ya miaka michache huanza kuwaza kujitegemea. Hapo ndipo swali letu linapomngojea: anunue trela lake la kubebea vigae vilivyong'olewa, au aendelee kukodi masanduku ya watu?

Paa moja, kilo elfu mbili na mia saba

Nyumba nyingi za Marekani haziezekwi kwa mabati. Huezekwa kwa vigae vya lami, ndivyo vipande vyembamba vya nyuzi za kioo vilivyoshikwa na lami, vikanyunyiziwa changarawe ndogo sana kwa juu ili jua lisiviharibu. Ni vyepesi mkononi na ni rahisi kukata kwa kisu. Lakini baada ya miaka 15, au 20, au 30, kwa kadiri ya jua, baridi na mvua ya mawe, hukauka, hukunjamana na kupasuka. Havifai tena kwa paa jingine wala kwa banda la kuku. Sheria za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu nyingi za nchi hukubali tabaka mbili tu za vigae juu ya nyumba moja. Mwenye nyumba akitaka kuezeka mara ya tatu, lazima ang'oe zote mpaka kwenye mbao.

Mafundi wa kule hupima paa kwa kipimo wanachokiita mraba, yaani futi 100 za mraba, karibu mita 9 na robo. Nyumba ya kadiri ina miraba 20 hadi 30. Mraba mmoja wa vigae vya kawaida una uzito wa kilo 90 hadi 115, na vile vinene hupita hapo. Basi tuchukue nyumba ya miraba 25: mzigo wake ni kama kilo 2,700. Tembo jike mzima wa Afrika ana uzito kama huo. Na kama kuna tabaka mbili juu ya mbao, ni tembo wawili.

Tena kuna misumari. Mraba mmoja wa vigae vya kawaida una vigae kama 80, na kila kigae hupigwa misumari 4 kwa uchache. Ukizidisha utaona ya kuwa katika nyumba ile ya miraba 25 misumari 8,000 yangojea kuanguka katika majani, katika maua ya mama mwenye nyumba, na katika njia ambapo mtoto hupita na baiskeli yake. Fundi mwema hupitisha sumaku yenye magurudumu kuizunguka nyumba mara mbili au tatu kabla ya kuondoka. Hata hivyo misumari michache hubaki, na simu ya mwenye gari aliyetobolewa mpira hufika kesho yake.

Katika nchi nzima vigae vinavyong'olewa kwa mwaka hupita tani milioni 10. Haviwezi kuchomwa moto uani, maana lami hutoa moshi mbaya na sheria hukataza. Haviwezi kutupwa bondeni. Lazima vibebwe, vipimwe kwa mizani, na vilipiwe. Kwa wastani majalala makubwa ya Marekani hutoza karibu dola 60 kwa tani. Nayo tani yao ni ndogo kuliko yetu, kilo 907 tu, jambo linalowapoteza wageni wengi wanaposoma karatasi ya mizani kwa mara ya kwanza.

Sanduku

Njia ya kwanza ni kukodi. Kampuni ya masanduku huleta sanduku kubwa la chuma lisilo na kifuniko, hulitelemsha mbele ya nyumba, na mafundi wakisha lijaza huja kulichukua. Wamarekani huliita dampsta, na jina hilo lina asili yake. Katika miaka ya 1930, huko Knoxville katika jimbo la Tennessee, George Dempster na ndugu zake walikuwa na kampuni ya ujenzi. Waliona hasara ya kuweka lori na dereva wakisimama siku nzima huku watu wakipakia kwa makoleo. Wakatengeneza sanduku ambalo huachwa peke yake chini, na lori huja tu wakati wa kuliinua. Jina la Dempster likaunganishwa na neno la Kiingereza la kumwaga, na sasa hata mtoto mdogo hulitaja bila kujua kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo. Dempster mwenyewe alikuwa meya wa Knoxville tangu 1952 mpaka 1955. Zamani alikuwa ameendesha mashine za mvuke katika kuchimba mfereji wa Panama, na bila shaka huko alijifunza ya kuwa mashine inayosimama bure hula fedha sawa na ile inayofanya kazi.

Neno hilo tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Masanduku hupimwa kwa yadi za ujazo: 10, 15, 20, 30, 40. Mgeni hudhani ya kuwa kubwa ndilo bora. Kwa vigae sivyo. Yadi moja ya ujazo huchukua vigae vya miraba mitatu hivi, kwa hiyo paa letu la miraba 25 litaingia katika yadi 8 au 9 tu. Ukilijaza sanduku la yadi 40 kwa vigae mpaka ukingoni, lori halitaliinua, au likiliinua halitakubaliwa barabarani. Ndiyo maana kampuni nyingi huwapelekea mafundi wa paa masanduku ya yadi 10 hadi 20, yenye kuta fupi, ili vigae virushwe kwa urahisi na uzito usipite kiasi.

Uzuri wa sanduku ni kwamba fundi hana haja ya gari kubwa, wala leseni, wala mahali pa kulilaza. Huliita kwa simu. Likiharibika si lake. Anapokuwa juu ya paa akipiga misumari, mtu mwingine ndiye anayesimama katika msururu wa malori kule jalalani.

Lakini asome vizuri karatasi ya mapatano kabla ya kutia sahihi. Bei ya sanduku huwa na siku zake, labda 7 au 10, na uzito wake, labda tani 2 au 3. Zikipita siku, kuna malipo. Ukipita uzito, kuna malipo kwa kila tani. Lori likija likakuta gari la mwenye nyumba limeziba njia, hurudi tupu na safari hiyo hulipwa. Sanduku likiwekwa barabarani badala ya uani, miji mingi hudai kibali. Magurudumu yake ya chuma huweza kupasua zege ya njia ya gari, kwa hiyo fundi mwenye akili hutandika mbao kabla lori halijafika. Na kuna majirani! Sanduku lililo wazi usiku kucha ni kama mwaliko. Asubuhi fundi hukuta humo godoro kuukuu, televisheni iliyokufa, na makopo ya rangi ambayo jalala halitayapokea. Yote ni juu yake.

Trela

Njia ya pili ni kununua trela la tipa, yaani remorki yenye kuinuka mbele na kumwaga nyuma. Lile linalopendwa na mafundi wengi lina urefu wa futi 14 na upana wa futi 7. Chini ya bodi lake kuna jeki ya mafuta inayoendeshwa na pampu ndogo, na pampu hiyo hupata nguvu katika betri kama ile ya gari. Lina ekseli mbili, na breki za umeme zinazosikia mguu wa dereva aliye katika pikapu. Uzito wake pamoja na mzigo hauruhusiwi kupita paundi 14,000, ndizo kilo 6,350. Lenyewe tupu lina karibu kilo 1,800. Basi laweza kuchukua kilo 4,500 hivi.

Linganisha sasa na tembo wetu. Paa la tabaka moja, kilo 2,700, laingia bila shida. Paa la tabaka mbili, kilo 5,400, haliingii. Likionekana kuingia, maana vigae havijazi nafasi kama vinavyojaza uzito, hapo ndipo hatari ilipo. Macho husema bado kuna nafasi, na ekseli zimekwisha kulemewa. Mtu aliyewahi kuona lori la mihogo likitelemka mlima bila breki hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo la leseni pia. Sheria ya Marekani yadai leseni ya dereva wa malori makubwa ikiwa uzito ulioandikwa wa gari na trela pamoja wapita paundi 26,000, yaani kilo 11,793, na trela peke yake lapita paundi 10,000. Trela la paundi 14,000 likifungwa nyuma ya pikapu ya paundi 11,500, jumla ni 25,500, na dereva hupita na leseni yake ya kawaida. Akilifunga nyuma ya gari zito zaidi kidogo, amekwisha kuvunja sheria bila kujua. Lazima asome kibandiko cha gari na kibandiko cha trela, ajumlishe, kisha ndipo anunue.

Faida za trela ni za kweli. Hurudishwa kinyumenyume mpaka chini ya ukingo wa paa, na vigae huangukia humo bila kugusa majani. Jioni hufunikwa turubai na kuondoka, kwa hiyo majirani wenye magodoro hawalioni. Siku isiyo na paa laweza kubeba mchanga, kokoto au kuni za watu kwa malipo. Tena mwenye trela huchagua mwenyewe mahali pa kumwaga. Katika miji mingine kuna viwanda vinavyosaga vigae safi na kuvichanganya katika lami ya barabara, na mara nyingine hutoza kidogo kuliko jalala. Fundi akitenga vigae mbali na mbao na karatasi, huenda huko. Mwenye kukodi huenda asijue kamwe sanduku lake limemwagwa wapi.

Hasara zake pia ni za kweli. Trela huibiwa upesi. Mwizi hahitaji ufunguo, yahitaji pikapu na dakika mbili. Mipira yake hukanyaga misumari ile ile tuliyoihesabu. Betri hufa wakati wa baridi, na trela lililojaa lisiloinuka ni fedheha kubwa: watu watatu hupanda na makoleo, kama katika siku za kabla ya Dempster. Tena bodi iliyoinuliwa imeua watu. Mtu huingia chini yake kutazama jeki, mafuta huvuja, na bodi hushuka. Asiingie mtu ye yote chini ya bodi iliyo juu bila kuweka kwanza nguzo ya chuma ya kuizuia. Asimwage mahali penye kuinama, maana trela lote laweza kupinduka. Na atazame juu, asije akagusa nyaya za umeme.

Mjomba auliza

Sasa tufanye mfano, majina hatuyahitaji. Kijana mmoja wa Uvira amekaa Marekani miaka saba na amejifunza kuezeka vizuri. Ana pikapu, na mafundi watatu humfuata. Benki iko tayari kumkopesha dola 11,000 za kununua trela jipya. Jioni moja ampigia simu mjomba wake, mzee aliyeendesha malori kati ya Uvira na Bukavu kwa miaka mingi, na kumsomea hesabu yake.

"Mjomba, kila sanduku lanigharimu dola 450. Kwa mapaa 30 ya mwaka nalipa dola 13,500. Fedha hizi nawapa watu wengine bure. Nikiwa na trela, kwa kila paa nitalipa jalala tani 3 kwa dola 60, ndizo 180. Petroli 25. Mtu mmoja kulipeleka na kulirudisha, saa mbili na nusu kwa dola 30 kwa saa, ndizo 75. Jumla 280. Kila paa naokoa 170. Mwaonaje?"

"Na bima, na mipira, na karatasi za serikali?"

"Dola 1,200 kwa mwaka."

Mzee apiga hesabu yake polepole. Mapaa 30 kwa dola 170 ni 5,100. Toa 1,200, zabaki 3,900. Trela litajilipa kwa muda usiofika miaka mitatu, mbali na faida ya benki. Si vibaya. Mapaa yakiwa 60, litajilipa kwa mwaka mmoja na nusu hivi, hata akitumia mipira zaidi. Lakini yakiwa 10 tu, ataokoa dola 500 kwa mwaka, na trela litakuwa limekwisha kuoza kabla ya kujilipa. Mapaa saba ya kwanza ya kila mwaka hulipa bima na mipira tu.

Hesabu hizi ni za mfano, na bei hubadilika toka mji hata mji. Lakini msomaji aweza kutia bei za mji wake mahali pake, na njia itabaki ile ile.

Kijana angoja kusikia sifa. Mzee amwuliza neno moja tu.

"Mpwa wangu, huyo mmoja akienda jalalani, wale wengine wafanya nini?"

Kijana akaa kimya. Maana ajua lililotukia juma lililopita alipoazima trela la rafiki. Paa lilikuwa na tabaka mbili. Saa nne asubuhi trela lilikuwa limejaa na nusu ya paa ilikuwa bado. Pikapu ikaondoka, nayo ndiyo iliyobeba pia mashine ya hewa ya kupigia misumari. Watu watatu wakakaa kivulini wakinywa maji mpaka saa saba na nusu, kwa sababu msururu wa malori jalalani ulikuwa mrefu.

Basi tuhesabu tena pamoja na mzee. Ikiwa watu wote wanne wasimama saa mbili na nusu, si dola 75 tena, ni 300. Ukiongeza jalala 180 na petroli 25, safari ile imegharimu dola 505. Sanduku lingegharimu 450. Trela ambalo karatasini liliokoa dola 170 limekula dola 55, na mwenyewe hakuona, kwa kuwa mshahara wa watu wanaongoja hauandikwi katika karatasi ya jalala.

Hapo ndipo penye siri yote ya jambo hili. Wengi hulinganisha bei ya sanduku na bei ya jalala, na kwa hesabu hiyo trela hushinda daima. Sharti walinganishe saa. Trela ni zuri kwa fundi ambaye mzigo wa paa moja waingia humo mara moja, ambaye jalala lake liko karibu, na ambaye aweza kulipeleka jioni baada ya paa kufunikwa, au ana mtu wa tano asiyepanda juu. Kwa fundi mwenye kikundi kidogo, gari moja, na jalala lililo mwendo wa saa nzima, sanduku la kukodi ni rahisi zaidi, ijapokuwa karatasi yake yatisha. Kampuni ya masanduku humwuzia saa zake mwenyewe.

Kwa maoni yetu, mafundi wa kadiri wangefanya vema kutumia njia zote mbili, kama wafanyavyo wengi walio wazoefu: trela kwa nyumba ndogo za tabaka moja zilizo karibu, na sanduku kwa mapaa makubwa, au ya tabaka mbili, au yaliyo mbali. Tena kabla ya kukopa, kuna trela la kukodi kwa siku moja. Ni ghali ukikodi kila mara, lakini mara tatu au nne zatosha kumfundisha mtu ukweli wa saa zake.

Mpwa ajaribu kujitetea. "Lakini mjomba, nikiwa na trela langu lenye jina langu ubavuni, wateja wataniamini."

Mzee acheka. "Nami lori langu la kwanza nililiandika jina mlangoni. Lilikaa miezi mitano katika matope ya Kamanyola, na jina likasomwa na kila mtu aliyepita."

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akamwambia anunue daftari. Kwa miezi mitatu aandike kwa kila paa: miraba mingapi, tabaka ngapi, sanduku liligharimu kiasi gani pamoja na malipo ya kuzidi uzito, jalala liko mbali kadiri gani, hufunguliwa na kufungwa saa ngapi, na Jumamosi hufungwa saa ngapi, maana siku hiyo wengi hufunga mapema. Benki haitahama katika miezi mitatu.

Jumatatu kijana alikodi sanduku la yadi 15 kama kawaida. Alitandika mbao mbili chini ya magurudumu, akaandika katika ukurasa wa kwanza saa ile lilipofika, kisha akapanda juu na wenzake.